Mlango wa Kuku wa Salehe

Salehe Mkude alikuwa fundi wa maabara pale chuoni. Angeridhika na kuosha chupa zake, mkono wa mkewe ungekuwa mzima hadi leo. Lakini miaka ile kila mtumishi wa serikali alikuwa na mradi wa kuku nyuma ya nyumba, na maduka ya mjini Morogoro yalikuwa yameanza kujaa vifaa vya mitumba kutoka Dubai: mota, swichi, saa za umeme. Salehe akanunua. Mtu ambaye hakuwahi kubeba hata debe la pumba akawa mtaalamu wa ufugaji.

Mwenye kuku hasa alikuwa mkewe, Semeni. Kwa miaka mitatu aliwafungulia asubuhi na kuwafungia jioni kwa mkono wake mwenyewe. Jioni moja tu alichelewa, alikuwa msibani Mkuyuni, kicheche akaua wanne. Hiyo ikamtosha Salehe. Alikuja kwetu, nyumba ya jirani, akasimama katikati ya sebule kama yuko mbele ya wanafunzi.

"Binadamu anasahau," alituambia mimi na mume wangu. "Mashine haisahau."

Akatengeneza mlango wa bati zito uliopanda na kushuka kwenye reli mbili. Saa ya umeme iliufungua saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ikaufunga saa kumi na mbili na nusu jioni. Hakuweka chochote cha kuusimamisha ukikuta kitu chini yake. Nilimuuliza.

"Mwalimu, kuku ana akili ya kukimbia," akasema, akacheka.

Wiki hiyohiyo bati lilimbana jogoo shingo akafa. Salehe alisema jogoo alikuwa mgonjwa.

Halafu umeme. Ulipokatika, saa ile nayo ilisimama; uliporudi, iliendelea palepale ilipoachia. Mtoto wa darasa la tatu angeiona hatari hiyo. Siku moja ya Februari umeme ulikatika alfajiri ukarudi saa tano. Semeni alikuwa amelala kwa dada yake, na Salehe akaenda kazini bila hata kuchungulia bandani. Mlango ulipofunguka mchana, kuku thelathini na mmoja walikuwa wamekufa kwa joto.

"Baba Tatu, ondoa hicho kitu," Semeni alimwambia mbele yangu. "Nirudishie komeo langu."

"Mama Tatu, ushamba utakuisha lini?"

Mwezi wa nne, siku umeme ulipokatika mchana kwa dakika ishirini tu, Salehe alikwenda Mzumbe kumwonyesha mhadhiri fulani mchoro wa mlango wake. Saa moja ikikaribia, Semeni aliona giza linaingia na banda bado liko wazi. Tetea mmoja alikuwa amejilalia kizingitini. Akapitisha mkono amsukume ndani. Bati likashuka.

Lilimbana kati ya kiwiko na kiganja, na mota ikaendelea kusukuma. Nilisikia ukelele nikiwa jikoni. Tulipofika, tukatafuta swichi: ilikuwa ndani ya stoo, stoo ina kufuli, na ufunguo alikuwa nao Salehe huko Mzumbe. Mume wangu akachukua mpini wa jembe, akauingiza chini ya bati na kulibinua, nami nikauvuta mkono. Mfupa ulikuwa umevunjika.

Tulikuwa tunamfunga khanga mkono ili tumpeleke hospitali, Salehe akaingia na baiskeli. Alimtazama mkewe. Akautazama mlango.

"Reli mmezipinda," akasema.

Semeni alimsikia. Alipotoka hospitali hakurudi nyumbani. Kaka yake alikuja na matenga, akakusanya kuku waliosalia, wakaondoka wote kwenda Mkuyuni. Huko alifuga kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa kwenye plasta, na mayai yake yakapata wateja.

Mwezi wa tano tangu aondoke, Salehe alipanda Mkuyuni kumwomba. Semeni alikubali kwa sharti moja: akate ule mlango vipande, kaka zake wakishuhudia. Aliukata kwa msumeno wa chuma. Muda wote alikuwa akiwaeleza mashemeji zake kwamba kama angepata springi nzuri, ungefanya kazi vizuri kabisa.

Semeni yuko nyumbani sasa. Mkono ulipona ukiwa umepinda. Hawezi kukamua nguo, huwa namkamulia mimi. Salehe tunasalimiana. Zaidi ya hapo sina neno naye.