Mwenyekiti Asiye wa Huku Wala Kule

Nilichaguliwa kuwa mwenyekiti kwa sababu wazazi wangu ni watu wa Butembo, mji wa Kivu Kaskazini. Hiyo ndiyo sababu, na nisijidanganye kwamba mtu aliona akili yangu. Mkutano wa vijana ulikuwa wa siku tatu, katika ukumbi wa parokia mtaani Lumumba, nasi tulikuja kujifunza uongozi: kuendesha kikao, kusikiliza pande mbili, kufikia uamuzi. Hakuna aliyepangiwa pa kukaa. Lakini haikupita saa moja, vijana wa moja ya jamii mbili zinazouana jimboni kwetu walikuwa wamejaa upande wa madirisha, wa jamii ya pili wamejaa upande wa ukuta, na katikati imebaki njia pana ya sementi tupu. Sisi ambao wazazi wetu walihama kutoka Kivu Kaskazini na kufungua vibanda vya vitenge mtaani Mudzipela tulikuwa wachache, tukakaa nyuma.

Ilipofika kura, kijana mmoja wa upande wa ukuta aligeuka akaninyooshea kidole.

"Dada, weye hauko wa huku, hauko wa kule. Kiti ni yako."

Upande wa madirisha ukapiga makofi. Tangu asubuhi ilikuwa mara ya kwanza wakubaliane juu ya jambo. Wakaanza kuniita Mama Prezida, kwa utani, nami nikavimba kichwa. Nyumbani mimi ni mtoto wa tano kati ya saba, na hakuna aliyewahi kunyamaza ili mimi niseme.

Siku ya pili tulikuwa tunaandika tamko litakalosomwa mbele ya wakubwa wa jimbo. Karibu saa nne, simu ya binti mmoja wa upande wa madirisha ikalia. Alisikiliza, akaiweka simu mapajani, akavuta kitenge chake hadi usoni. Jirani yake aliinama, akamsikiliza, kisha akasimama.

"Mama Prezida, kaka ya huyu dada bamemuua mu njia, asubuhi ya leo. Alikuwa anaenda kungʼoa mihogo. Tunaomba tusimame dakika moja."

Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka upande wa ukuta. Alikuwa yuleyule kijana aliyenipa kiti.

"Na baba yangu, wiki yenye ilipita? Nani alisimama juu yake?"

Ukumbi wote ukanitazama. Nilijua binti anastahili dakika yake. Nilijua pia kwamba kijana amesema kweli. Na nilijua, zaidi ya yote, kwamba nikisema tusimame nitakuwa nimechukua upande, na wasipokuwa na haja tena ya mtu wa katikati, mimi ni nani pale? Basi nikatafuta maneno yaliyopangika.

"Pole sana, dada. Pole na weye, kaka. Tutaomba kwa ajili ya wote mwishoni. Sasa tuendelee na programu."

Mwalimu wetu, mwanamume mpole aliyekuwa amekaa mlangoni, alitikisa kichwa kukubali. Niliona fahari. Naona aibu kuliandika hilo, lakini ndivyo nilivyoona.

Nikasoma kipengele kilichofuata, sifa za kiongozi. Nikasoma kwa sauti kwamba kiongozi husikiliza watu. Hakuna aliyeinua mkono. Kisha yule kijana wa upande wa ukuta akasimama.

"Kaka, unaomba neno?" nikamuuliza.

Alibeba kiti chake cha plastiki, akavuka ile njia tupu, akakiweka kando ya yule binti, akakaa. Kwetu mfiwa hahutubiwi. Unakuja, unakaa karibu naye, na hiyo ndiyo pole yenyewe. Alikaa mikono imelala juu ya magoti, na binti akaanza kulia kwa sauti. Viti vikaanza kuburutwa, kimoja, viwili, halafu vyote, kutoka pande zote mbili, hadi meza yangu ikabaki peke yake mbele ya ukumbi. Mimi nilibaki nyuma yake nimeshika kalamu.

Siku ya tatu tamko lilisomwa, na mimi nikasifiwa kwa hekima yangu. Binti hakuwepo. Kesho yake mchana nilipanda moto, pikipiki ya abiria, nikaenda kwenye kilio nyumbani kwao.

Mama yake alikuwa chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, wanawake wamemzunguka. Binti alipomwambia mimi ni nani, mama alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Kumbe weye njo prezida? Nilisikia mulisimamisha mukutano juu ya mutoto wangu. Aksanti, mwanangu."

Binti alitazama chini. Hakutaka kuniaibisha. "Amina" ya kupokea shukrani hizo ilikuwa imeshafika mdomoni mwangu. Na kuusema ukweli kungekuwa na maana ya kuwataja watu wa upande ule katika nyumba ambamo, tangu nifike, walikuwa wanatajwa kwa meno yaliyobanwa.

"Hapana mimi, mama. Mimi nilisema tuendelee. Ni kijana wa upande ule njo alikuja kukaa na dada."

Mwanamke mmoja akafyonya. Niliogopa, lakini mama hakuuachia mkono wangu.

"Wa upande ule?"

"Ndiyo, mama. Baba yake balimuua wiki yenye ilipita."

Alitazama mlango. Nikadhani atanifukuza.

"Basi na yeye iko mu kilio," akasema. Kisha akanigeukia. "Baba yake alikuwa anaitwa nani? Tutaomba jioni. Nitamutaja pamoja na wangu."

Nilitafuta jina hilo kichwani kama vile niliwahi kuliweka humo. Kijana alikuwa amesema mbele yangu, katika kikao changu, kwamba baba yake ameuawa, nami nikamjibu kwa programu.

"Sikumuuliza, mama."

"Basi enda umuulize," akasema. "Siye tutakungojea."