Sikio la Mume Wangu

Gari lile jekundu, la viti viwili na paa la turubai, lilikuwa la mgeni mwenye duka. Serikali ilipowanyang'anya wageni maduka na kuwagawia wananchi, mkubwa mmoja wa chama hapa Kindu alipewa duka hilo pamoja na gari. Dereva wake alikuwa mdogo wangu wa kiume, tuliyenyonya naye ziwa moja.

Siku ya maandamano ya chama, mbele ya wageni kutoka Kinshasa, gari lilitetemeka, likakohoa, likazimika. Watu walicheka. Kabla ya jua kuzama mdogo wangu alikuwa amefungwa. Mkubwa alidai kwamba alitia sukari katika esansi, petroli ya gari, ili kumwaibisha. Waliopatikana na kosa la namna hiyo walipakiwa katika meli ya kuteremka mto, nasi hatukuwaona tena.

Mume wangu, fundi wa karakana, aliitwa aitafute sukari hiyo. Andika vizuri jambo hili, mjukuu wangu: babu yako alikuwa kiziwi. Nyundo na chuma vilimuua masikio, na karakana haikujua, kwa sababu alisoma midomo ya watu. Injini za majirani nilimsikilizia mimi, kwa kipande cha mpira wa maji sikioni, nikamweleza kwa vidole. Siku hiyo nilimfuata na kikapu cha chakula, mpira ukiwa chini ya mihogo.

Alichuja esansi yote kwa kitambaa, haikubaki chembe. Akawasha injini, akachomoa nyaya za buji, zile plagi za kuwasha moto, mmoja baada ya mwingine. Kila alipochomoa, mlio ulididimia. Wa tatu alipouchomoa, haukubadilika. Nikainua vidole vitatu. Alizima, akafungua buji hiyo, akaziba tundu kwa kidole gumba huku nikizungusha injini kwa mkono wa chuma wa kuiwashia: pumzi ilikuwa dhaifu. Akarudisha buji, akashika mkono ule yeye mwenyewe na kuizungusha polepole, nami nikaweka mpira kwenye bomba la moshi. Hewa ilivuja humo, kama mvuke unaosukuma kifuniko cha chungu. Nikamwonyesha kwa kidole lile bomba la nyuma.

“Njo supapi,” alisema. “Mulango wa moshi umeungua, haufungi tena. Hapana sukari.”

Mkubwa alikuja na abakosti yake, koti la watu wa chama, akasimama nyuma ya mume wangu.

“Sitwayeni, sukari yangu iko wapi?” aliuliza, akimwita raia kama chama kilivyoagiza.

Mume wangu aliendelea kufuta zana zake.

“Unanizarau?”

Alifuta tu. Mkubwa alinitazama, akatabasamu, kisha akasema polepole nyuma ya kisogo kile: “Kama unanisikia, geuka, na shemeki yako anatoka leo.”

Hakugeuka.

“Kumbe wananiletea kiziwi kusikiliza injini. Basi hakusikia kitu. Yule dereva ataenda na meli.”

Hapo ndipo mume wangu alipouona uso wangu, akageuka, akamkuta mkubwa nyuma yake. Alielewa. Alitikisa kichwa mara moja, akinikataza nisiseme.

“Mimi njo nilisikia, mukubwa,” nikasema. “Yeye masikio ilikufa zamani. Kazi yote ya masikio ni yangu. Kamata mpira, usikilize mwenyewe.”

Mume wangu alizungusha injini bila kunitazama. Mkubwa aliinama na abakosti yake kwenye bomba la moshi, akasikiliza, akasikiliza tena. Alipoinuka alijifuta magoti.

“Mwambieni dereva aende kwao,” alisema. “Na karakana nitawaambia habari ya fundi wao.”

Mdogo wangu alitoka akiwa amevimba uso, akaenda mji wa Kama kuchimba dhahabu, wala hakurudi kuishi Kindu. Karakana ilimfukuza mume wangu kabla ya juma kwisha. Tulikwenda kulima huko Mikelenge. Sikuomba msamaha, kwa maana ningelisema tena. Naye hakunilaumu hata siku moja. Lakini shambani, kila nilipozunguka mbele yake ili aone midomo yangu, alihamishia jembe upande wa pili, akanipa mgongo, akaendelea kulima.