Tai wa Mkono wa Kushoto

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ghala la nyumba ya mnada huko Louisville, Marekani, msimamizi wa ghala alinitupia mfuko wa beji za sare za Wajerumani za wakati wa vita kuu ya pili. Nilikuwa nimemwambia kwamba katika kambi ya wakimbizi Tanzania nilikuwa fundi cherehani.

"Usiniambie ni nzuri," alisema. "Niambie zimeshonwa lini."

Nilijifunza pole pole, macho yakiniuma. Beji ya kweli ina jasho la kola na nyuzi zilizochoka. Ya bandia huchovywa kwenye chai ya rangi ili ionekane kuukuu, na ukiinusa unajua mtu alikuwa jikoni. Tulikuwa pia na taa ya zambarau. Nyuzi nyingi zilizotengenezwa baada ya vita hung'aa chini yake, za zamani hazing'ai.

Mke wangu, Mkongomani wa Bukavu, hakuipenda kazi ile hata siku moja. "Donc unashinda na manguo ya bauaji, kisha unakuya kushika chakula yangu?" Nilinawa tena, nikala. Alikuwa na haki, maana sisi wote wawili tulikimbia watu waliovaa sare.

Tulipohamia Columbus tukakaa kitongoji cha Gahanna. Mthamini mkuu wa nyumba ya mnada ya huko, mzee mkali asiyecheka, alinifundisha kusoma kitambaa. Beji ikikaa muda mrefu, kitambaa kilicho chini yake hakipauki. Ukiifumua, umbo lake linabaki pamoja na matundu ya sindano, nasi tuliliita kivuli. "Ukimaliza kutazama beji," alisema, "tazama mahali ambapo haipo." Beji kuu ilikuwa ya tai, ndege wa nembo yao: wa askari wa jeshi la kawaida alishonwa kifuani, kulia. Wa kikosi kilicholinda kambi za mauaji alishonwa mkono wa kushoto.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Buffalo. Mama mmoja mzee, jirani yetu wa mtaa wa Riverside, aliniletea koti la jeshi la Ujerumani la marehemu baba yake nilichunguze. Hakutaka kuliuza. Alitaka kumwachia binti yake, pamoja na habari za babu aliyekuwa mpishi wa jeshi.

Tai alikuwa kifuani, mahali pake. Nikawasha taa ya zambarau, uzi wake wote ukang'aa. Mtu alikuwa amemshona miaka mingi baada ya vita. Nikageuza mkono wa kushoto. Kivuli kilikuwepo, mabawa yamenyooka, matundu pande zote.

"Ni bandia?" aliuliza. Nilisikia jinsi alivyotamani niseme ndiyo.

"Koti ni la kweli, mama. Tai wa kifuani ameongezwa baadaye. Wa kwanza alikuwa hapa."

Nilimweleza ni kina nani walioshonewa tai hapo. Alipitisha kidole juu ya matundu, taratibu, mpaka akamaliza umbo lote.

"Baba alikuwa mpishi," alisema, akalikunja koti.

Nilistaafu muda mfupi baadaye. Vijana huniuliza ugumu wa kazi ile ulikuwa wapi, wakidhani ni kutambua bandia. Kutambua bandia ni mazoea tu. Yule mama bado tunakutana dukani. Kila mara hunishika mkono na kunisimulia supu ya kabichi aliyopika baba yake, chumvi kiasi gani, moto kiasi gani, nami husimama pale na mfuko wangu wa viazi mpaka amalize.