Tumbo la Shangazi

Fundi cherehani hakuwa mwoga. Aliwahi kumtimua mwizi dukani kwa mkasi. Lakini mchana ule, kwenye kituo cha mwisho cha mapumziko cha mbio ndefu za farasi, aliogopa.

Farasi wake jike, waliyemwita Shangazi kwa kupenda kuamrisha, alisimama mbele ya ndoo ya maji bila kuitazama. Shangazi huyuhuyu aliyewahi kutafuna kofia ya jirani!

Daktari wa mifugo alimpima. "Mapigo ya moyo yameshuka inavyotakiwa, hachechemei. Ila tumbo linanguruma kidogo tu. Kwa sheria, anaruhusiwa kuendelea. Lakini mama, mwenye farasi ni wewe."

"Umesikia?" mumewe akadakia, tandiko mkononi. "Miaka yote hujawahi kumaliza, mama watoto. Kimebaki kipande tu. Maji ukishayavulia nguo..."

"Yaoge wewe."

Kila asubuhi, kabla ya kukalia cherehani, alibandika sikio ubavuni mwa Shangazi asikilize tumbo likinguruma, dalili kwamba ni mzima. Mumewe alilalamika kwamba tumbo lake yeye halijawahi kupewa heshima hiyo. Sasa fundi akabandika sikio tena. Kushoto, mngurumo wa mbali. Akazunguka kulia, akabana pumzi. Kimya, kama nyumba iliyohamwa.

Medali ya kumaliza mbio aliitaka, tena sana; msumari wa kuitundika alishaupigilia ukutani, juu ya cherehani. Na kama ni woga wake tu? Watu watamcheka mpaka mwakani.

"Namtoa," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, hata yeye hakuitambua.

Mumewe akasonya, akatua tandiko. Wenzao walikuwa bado wanapanda farasi wao pale Shangazi alipokunja magoti, akalala, akaanza kujigaragaza huku akilipiga teke tumbo lake mwenyewe.

Daktari alikuja mbio na sindano na mpira wa kumnyweshea dawa. Wakamwinua, wakamtembeza, wakamtembeza tena. "Huko vilimani nisingemfikia," alisema huku akijifuta jasho.

Jua likaanza kuinama. Fundi alishika kamba kwa mikono miwili, wala hakuthubutu kusikiliza. Angesikilizaje, na akikuta kimya? Basi mumewe, ambaye maishani hakuwahi kufanya hivyo, akainama upande wa kulia, akabandika sikio. Akakaa hapo mpaka fundi akatamani kumvuta shati.

"Mama watoto," alisema, macho yamemjaa machozi. "Njoo usikie. Shangazi anagomba."