Kabati la Mikono Sita

Tangu Machi msasa wa fundi rangi haukwaruzi tena pale mtaani Ndera. Majirani waliozoea kuamshwa na sauti ile, kavu kama ya mtu anayesafisha koo kisha asiseme kitu, sasa wanachelewa kazini na kulaumu simu zao.

Fundi huyo, Niyongabo, mgane aliyekulia Bujumbura, alijulikana kwa sharti moja: hapaki rangi mpya juu ya kuukuu kabla ya kuikwangua. Wateja wenye haraka aliwajibu, "Itabanduka mbele ya wageni, halafu mtanitaja kwa jina."

Athanasie, mjane wa mtaa wa Kibagabaga, alimwita apake kabati la marehemu mama yake. Lilikuwa zito mno kuhamishwa, hivyo fundi akafanyia kazi sebuleni. Lilikuwa la buluu. Athanasie alitaka jeupe. Kazi ya siku nne. Lakini chai ya nyumba ile ilikuwa na tangawizi, na mwenye nyumba alipocheka alijifunika mdomo kama msichana. Niyongabo alijua kwamba kabati likikamilika, hatakuwa tena na sababu ya kupita mlango ule.

"Hii nyeupe iko baridi," Athanasie akasema. "Kama ya hospitali."

Moyo wa fundi ukaruka. Akapaka rangi ya maziwa. Hiyo nayo ikaonekana chafu. Akapaka kijani, eti kilifanya chai ionekane dawa. Na kwa kuwa vumbi la msasa lilimkohoza Athanasie hadi akajifungia jikoni, Niyongabo akaacha kukwangua. Sharti la miaka thelathini likafia hapo, na wala hakulililia. Akawa anapaka mkono juu ya mkono, rangi mpya juu ya kuukuu.

Jioni moja binti wa nyumba, Raïssa, alirudi kutoka kazini uwanja wa ndege, Kanombe. Akatoa sahani kabatini, akasukuma mlango. Ukagoma. Akasukuma kwa nyonga. Ukagoma.

"Mzee Niyongabo, huu ni mkono wa sita. Rangi imenenepa, milango haifungi. Unamaliza lini?"

"Mama yako hajaridhika."

"Mama anasema wewe ndiye hujaridhika."

Athanasie akachungulia kikombe chake kama aliyeangusha kitu ndani.

"Mimi niliridhika na ile nyeupe," fundi akasema polepole.

"Hata mimi," Athanasie akajibu. "Lakini ungeondoka."

Raïssa akaziweka sahani mezani. "Basi mzee, tafuta mtu wa kukusemea. Hapa hatutoi mama kwa brashi."

Siku ya posa, seremala Damascène alisimama kumsemea. Mjomba wa Athanasie akamkatiza: "Kabati moja limemshinda miezi mitatu. Mke atamweza?"

"Mzee, alikuwa anapima ukuta kabla ya kuhamia," Damascène akajibu. Hata mjomba akacheka.

Niyongabo sasa anaishi Kibagabaga. Kabati liko sebuleni, rangi ya machungwa, na mlango wa kushoto unazuiwa kwa kiti.