Televisheni ya Chumba cha Minofu

Kabla ya televisheni kuja, ubao ulikuwa wangu. Ubao mweusi kama wa shule, umetundikwa ukutani katika chumba cha kukatia minofu, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuugusa. Kila samaki walipotoka kwenye mizani nilipanda juu ya kreti nikaandika kwa chaki: meza ya kwanza kilo ngapi, ya pili ngapi, chumba cha barafu kina baridi kiasi gani. Wakataji waliinua macho, visu mikononi, damu ya sangara hadi viwikoni, wakanitazama mimi.

Nilikuwa nimepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha nguo, nikakaa nyumbani Nyakato nikikaanga maandazi, mpaka kiwanda hiki cha samaki cha Ilemela kiliponichukua kwa sababu ya mwandiko wangu. Niliupenda mwandiko ule kuliko sura yangu.

Lakini chaki na maji havipatani. Sakafu ilioshwa mara tatu kwa siku, matone yakarukia ubao, na ikifika mchana namba saba nilizoandika zilikuwa zimebaki mistari tu. Meneja, mtoto wa mwenye kiwanda, Mhindi aliyezaliwa hapahapa Mwanza na kujua Kisukuma kuliko mimi niliyetoka Mara, alikuwa akipita na kutikisa kichwa.

Asubuhi moja akaja na fundi kutoka Dar. Walibeba sanduku la chuma lenye kioo kinene na vitufe vikubwa vya mpira, vya kubonyeza hata ukiwa umevaa glovu.

"Hii haiogopi maji," meneja alitutangazia. "Haiogopi baridi wala magamba. Imetengenezwa kwa kazi chafu."

Fundi akaiwasha. Namba za kijani zikatokea, nene, zimenyooka, zinasomeka hadi mlangoni. Watu wakapiga makofi. Tukaiita televisheni; wengi wetu ya kweli tulikuwa tumeiona baa tu, na kwa mbali.

Nilijifuta chaki kwenye aproni nikasogea mbele, nikijua nitaitwa. Akaitwa msichana wa meza ya nne.

Alikuwa na miezi mitatu kazini. Alitokea Sengerema, amemaliza kidato cha nne, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alipopita mbele yangu alisema, "Shikamoo, mama." Nilikuwa na miaka thelathini na minne. Niliitikia marahaba kwa meno.

Kazi yangu mpya ilikuwa kusoma mizani na kumtajia yeye, naye abonyeze. Nilitaja kwa sauti ndogo makusudi ili aulize mara mbili. Aliuliza mara mbili, kwa adabu ileile. Nilimchunguza kama mke mwenza: jinsi alivyofunga kitambaa, jinsi wakataji walivyomtania, jinsi meneja alivyomwita "mtaalamu." Mimi kwa miaka yote ile niliitwa "mama wa ubao." Ubao wenyewe ulishaegeshwa chooni, umegeuzwa uso ukutani.

Siku moja, saa nne, wote walipotoka kwenda kunywa uji, nilibaki. Nilichukua bomba la mpira la kuoshea sakafu, lile lenye nguvu ya kung'oa magamba yaliyokauka, nikafungua maji. Nilijiambia ninaosha. Lakini sikuosha. Nilielekeza maji mahali pamoja, pale waya unapoingilia kwenye sanduku, nikayashikilia hapo mpaka mkono ukaniuma. Nilitaka izime. Nilitaka niione inakufa, niende kuuchukua ubao wangu.

Haikuzima. Maji yalitiririka juu ya kioo, na nyuma yake namba zikaendelea kuwaka bila hata kutetemeka.

"Mama, anzia juu."

Niligeuka. Msichana alikuwa amesimama na vikombe viwili vya uji. "Ukianzia chini, uchafu wa juu unateremka tena," alisema. Akaniwekea kikombe kimoja mezani. "Mimi huwa naiosha jioni. Leo umeniwahi. Asante."

Uji ule niliunywa nikiwa siwezi kumtazama.

Wiki ileile meneja alitaka mtu wa pili wa kushika mashine siku msichana anapovuka ziwa kwenda kwao. Akamuuliza amfundishe nani.

"Mama," alijibu mara moja. "Ameshaanza kuitunza."

Niliutafuta utani usoni mwake nikaukosa. Alinifundisha kwa wiki mbili, mkono wake juu ya glovu yangu, bila kukunja uso hata nilipofuta kwa bahati mbaya hesabu ya asubuhi nzima. Ungedhani wivu ungeisha hapo. Siku ambazo hayupo nilibonyeza vitufe mwenyewe, namba zikatokea nzuri, na bado mkataji mmoja alikuwa akipaza sauti, "Binti yetu anarudi lini?" Nilibonyeza kwa nguvu zaidi.

Mwaka uliofuata alipata nafasi ya kusomea uuguzi hospitalini kwao. Nilimsindikiza hadi kivukoni, nimembebea begi. Nilikuwa na furaha kwamba anaondoka, na aibu kwa furaha hiyo, na nadhani aibu ndiyo iliyonifungua mdomo.

"Siku ile ya uji," nilimwambia, "sikuwa naosha."

"Najua, mama. Nilikuwa mlangoni tangu ulipofungua maji."

"Sasa kwa nini ulinitaja mimi?"

Alichukua begi mkononi mwangu. "Ningekuja kazini kila siku na wewe uko nyuma yangu umeshika bomba? Nilikuwa naogopa. Nikaona bora ukae pembeni yangu, nikuone."

Watu walianza kuingia kwenye feri. Alinipa shikamoo, akaingia nao, akatafuta nafasi kati ya magunia ya mihogo.

Nilirudi Ilemela peke yangu. Kesho yake mashine ilikuwa yangu, siku zote za wiki, kama nilivyotaka. Nilibonyeza namba za meza ya kwanza, za pili, za tatu, na muda wote nilikuwa nikimwonea wivu kwa jibu lile. Mimi, katika umri wangu, nilipoogopa nilikuwa nimefungulia maji. Yeye alikuwa ameniletea uji.