Mlangoni kwa Kioo

Kioo halikuwa jina lake. Watu walimbandika tu, kwa sababu kwenye sakafu aliyoisugua yeye ulijiona mpaka meno. Madukani, kumbini, kote alipita akiwa amepiga magoti, jiwe la kusugulia sakafu mkononi. Lakini mlangoni hang'arishi, ng'o! Hapo alipaacha na mikwaruzo. "Mguu wenye maji unataka mahali pa kushika," aliwaambia matajiri waliolalamika, na wakinuna shauri yao.

Na nyumbani kwake je? Sementi tupu, tena yenye mabonde. Mkewe alivumilia miaka na miaka, akimtania eti ameolewa na fundi wa nyumba za wenzake. Kioo alipostaafu, akamsugulia sebule nzima. Alipofika mlangoni akasita.

"Na hapo pia, baba watoto," mkewe akabembeleza. "Yaani kwangu ndiko kuwe nusu nusu?"

Moyo ukamlegea. Akapasugua.

Mvua ya kwanza tu, maskini mama wa watu akaingia mbio na nguo alizoanua, miguu imelowa chapachapa. Akaanguka puu! Nyonga ikavunjika.

Hospitalini walisema akipona atatembea kwa kuburuta mguu. Kioo akaling'ang'ania hilo neno "akipona". Arudi, akute mahali pa kukanyaga. Akamwaga sementi yenye mchanga mnene pale mlangoni. Ilipokauka, ikabanduka nzima kama gamba. Lo! Sakafu aliyoilainisha mwenyewe haikuwa na hata mkwaruzo mmoja wa sementi kushikia. Basi akachukua patasi na nyundo, akaanza kuidonoadonoa huku analia waziwazi. "Nisamehe, mke wangu," akasema kila alipopiga. Jirani aliyekuja kumzuia aligeuka akaenda zake.

Alipomaliza, akamwaga maji, akapita juu yake pekupeku, huku na huku. Mguu ulishika. Akacheka kidogo, peke yake.

Mkewe hakurudi. Homa ya mapafu ilimkuta kulekule kitandani, ikaondoka naye.

Siku ya mazishi mvua ilinyesha kutwa. Watu waliingia na kutoka, vikongwe, watoto, wanawake waliobeba masufuria, wote miguu imelowa. Wengine walimpa pole, hakuwasikia. Alikuwa amekaa kitini, macho pale mlangoni, akiitazama miguu yao. Hakuteleza hata mmoja.